Hela Sikumpa Mtandao

Jioni moja ya mwanzoni mwa Oktoba 2024 nilikuwa kijiweni hapa Kinyangiri, tunasubiri chai ichemke, redio ya fundi baiskeli ikasoma habari za Kenya. Wenzetu walikuwa wameanza bima mpya ya afya tarehe 1 ya mwezi huo, na wagonjwa waliofika hospitali wakakuta sistimu haifunguki. Wengine waliambiwa wasubiri, wengine walipe taslimu. Wakatajwa wa saratani, wakatajwa wa kusafishwa figo. Kijiwe kikacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, ni kile cha mtu anayesikia jirani kaibiwa kuku kwa mlango uleule alioibiwa yeye.

"Kumbe hata Nairobi mtandao unasumbua!" akasema mmoja.

Mimi sikucheka. Nilimaliza chai nikaondoka mapema, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia habari ile kama mtu anayefuatilia kesi ya ndugu yake. Leo nataka kuieleza ilivyokuwa, pamoja na historia yake ndefu inayopita Igunga na kufika mpaka Marekani. Ila kwanza niseme kwa nini sikucheka.

Mwaka 2019 nilikuwa mwandikishaji wa CHF iliyoboreshwa, ile bima ya kaya ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu sita. Kwa wasioijua Kinyangiri, tuko wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida. Mpaka 2012 tulikuwa Iramba, ndipo wilaya ikagawanywa na makao yetu yakawa Nduguti. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba na simu. Unamsimamisha baba au mama mbele ya ukuta, unampiga picha, unaandika majina ya wategemezi, unapokea hela, unatoa kadi. Simu ilikubali kuandika hata pasipo na mtandao, lakini kutuma ilikuwa lazima upate mtandao, na mtandao wa uhakika ulikuwa juu ya jabali, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu.

Msimu ule wa alizeti nilimwandikisha bibi mmoja jirani yetu, mjane anayelea wajukuu. Alihesabu zile 30,000 mara mbili, noti nyingine zina harufu ya ghala, akanikabidhi. Nikampa kadi. Nikamwambia, "Bibi, sasa ukiugua huna shaka tena." Nakumbuka nilivyolisema, kwa sauti ya mtu anayejua analosema.

Basi jabalini sikupanda. Kesho nitapanda, keshokutwa nitapanda. Siku ya kumi na moja mjukuu wake mdogo akashikwa na homa kali, usiku degedege. Bibi akambeba mpaka kituoni, kadi ameifunga kwenye pindo la khanga. Wakaingiza namba. Haipo. Wakaingiza tena. Haipo. Mhudumu hakuwa na kosa, mashine haikumjua bibi kwa sababu mimi sikuwa nimemtambulisha. Akalipia dawa kwa hela aliyoikopa usiku uleule. Mtoto alipona, namshukuru Mungu.

Asubuhi alikuja kwangu. Nikaanza kujieleza: unajua bibi, mtandao wa huku, unajua simu zenyewe... Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, hela sikumpa mtandao. Nilikupa wewe."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niondoke kijiweni.

Sasa twende Kenya. Mfuko wao wa zamani, NHIF, ulianzishwa mwaka 1966. Kwa miaka mingi aliyejiajiri, mama mboga au fundi, alikuwa akilipa shilingi 500 za Kenya kwa mwezi. Mfuko ulilalamikiwa sana, kwa madeni ya hospitali na kwa ulaji, wala sidhani kuna Mkenya atakayesimama aseme ulikuwa malaika. Oktoba 2023 Rais William Ruto akasaini sheria mpya, na mamlaka mpya, SHA, ikaandaliwa kuchukua nafasi yake. Mwajiriwa akatwe asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara ajibu maswali kuhusu kaya yake, mashine ipige hesabu ya uwezo wake, kiwango cha chini shilingi 300 kwa mwezi, lakini alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria hiyo ni kinyume cha katiba, sababu mojawapo wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo kwa muda, na siku chache baadaye, tarehe 1 Oktoba, bima ikaanza. Kila Mkenya alitakiwa kujisajili upya, kwenye tovuti au kwa kubonyeza *147# kwenye simu. Mfuko wa zamani ukafungwa, mpya ukafunguliwa, kama vile unavyozima taa ya chumba kimoja na kuwasha ya kingine. Taa ya pili ikawa inapepesa.

Watu walifanyaje? Kwanza walifanya utani, maana Mkenya hakosi utani hata msibani. Kisha utani ukachacha. Wagonjwa waliozoea kwenda kusafishwa figo mara mbili kwa wiki hawana nafasi ya kusubiri wiki ya pili. Hospitali binafsi zikalalamika kwamba madeni ya mfuko wa zamani hayajalipwa na mpya hauonekani ukilipa. Novemba 2024 maaskofu wa Kanisa Katoliki, ambao hospitali zao zinatibu watu wengi vijijini, wakatoa tamko kali dhidi ya serikali, na suala la bima lilikuwemo ndani yake. Machi 2025 ikaja ripoti ya Mkaguzi Mkuu, Nancy Gathungu: mfumo wenyewe unagharimu zaidi ya shilingi bilioni 104 za Kenya, na serikali si mmiliki wake. Hapo hata waliokuwa wamenyamaza wakauliza: hela yetu, majina yetu, magonjwa yetu, halafu mlango si wetu?

Upande wa serikali jibu lilikuwa lile tunalolijua sote. Ni changamoto za mpito. Mfumo wowote mpya una matatizo yake mwanzoni. Na kusema kweli, jibu hilo lina ukweli ndani yake. Ushahidi wake uko Marekani.

Tarehe ni ileile, 1 Oktoba, ila mwaka 2013. Serikali ya Barack Obama ilifungua tovuti ya HealthCare.gov ili watu wa majimbo 36 wanunue bima. Mamilioni wakaingia, tovuti ikalala chali. Nyaraka zilizotolewa baadaye bungeni zilionyesha kwamba siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha mpaka mwisho walikuwa sita. Sita, ndugu msomaji, kaya moja ya CHF! Taifa lililopeleka watu mwezini likawa kichekesho cha watangazaji wa televisheni. Wapinzani wa sheria wakasema tuliwaambia. Obama akawaambia watu watumie simu na fomu za karatasi wakati mafundi wanahangaika. Wakaletwa mafundi kutoka kampuni kubwa za teknolojia, tovuti ikatengenezwa, na kufikia Aprili 2014 waliojiandikisha kupitia masoko ya bima ya nchi nzima walikuwa kama milioni 8. Waziri wa afya, Kathleen Sebelius, alitangaza kujiuzulu mwezi huohuo.

Kwa hiyo wanaosema "tulieni, hata Wamarekani yaliwakuta" wana hoja. Nimeisikia hoja hiyo ikitumika kuwanyamazisha Wakenya, na mwanzoni na mimi nilikuwa karibu kuikubali. Lakini ukiitazama vizuri kuna jambo inaliruka.

Mmarekani wa Oktoba 2013 alikuwa dukani. Alikuwa ananunua bima ambayo ingeanza kazi mapema zaidi tarehe 1 Januari 2014. Tovuti ilipomgomea alikasirika, akatukana, akalala, kesho akajaribu tena. Alikuwa na miezi ya kujaribu, na alikuwa na simu na karatasi kama mlango wa pili. Mkenya wa Oktoba 2024 hakuwa dukani. Alikuwa dirishani, sindano inasubiri. Sistimu ilikuwa imewekwa katikati yake na kitanda, siku hiyohiyo, na mlango wa zamani umeshafungwa nyuma yake. Hitilafu ya kule ilimchelewesha mtu kupata ahadi. Hitilafu ya hapa ilivunja ahadi ambayo tayari alikuwa ameilipia. Ndiyo maana hasira zake ni za aina nyingine, na si haki kuzipima kwa kipimo kimoja.

Sisi wa Singida na majirani zetu wa Tabora tulipaswa kulijua hili mapema kuliko wengi, kwa sababu hadithi ya bima ya kaya Tanzania ilianzia pua na mdomo na kwetu. Baada ya Uhuru matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure. Miaka ya themanini hali ikawa mbaya, na mwaka 1993 serikali ikaanza utaratibu wa kuchangia gharama. Watu wa rika la wazazi wangu bado wanautaja mwaka ule kama watu wanavyoutaja mwaka wa njaa. Ndipo 1996, wilayani Igunga, ukaanzishwa kwa majaribio Mfuko wa Afya ya Jamii: kaya inatoa shilingi 5,000 kwa mwaka, inapewa kadi, inatibiwa. Serikali iliongeza kiasi sawasawa na kilichochangwa, mpango ulioitwa tele kwa tele. Majaribio yakasambaa wilaya nyingine, na mwaka 2001 ikatungwa sheria ya mfuko huo. Mwaka huohuo mfuko wa taifa, NHIF yetu, nao ukaanza kuwahudumia watumishi wa serikali.

Kadi za CHF ile ya kwanza zilikuwa za karatasi. Hapakuwa na nywila, hapakuwa na namba ya kusubiri kwenye simu. Karani alikuwa na daftari, anakutafuta kwa kidole kutoka juu kwenda chini, anakuona. Kwa upande wa kumtambua mtu mfumo ule haukuanguka hata siku moja. Mvua inyeshe, umeme usiwepo, daftari linafunguka tu. Sasa mbona watu walitoka? Mbona kaya zilizojiunga mwaka mmoja zilikuwa hazirudi mwaka unaofuata?

Waulize wazee, watakujibu kwa maneno mawili: dawa hakuna. Ulikwenda na kadi yako, ukatambuliwa vizuri kabisa, ukapimwa, ukaandikiwa karatasi ya kwenda kununua dawa duka la dawa. Yaani ulilipa ukiwa mzima, ukalipa tena ukiwa mgonjwa. Na kadi ile ilikuwa na mipaka yake: ukivuka wilaya ni karatasi tu.

Naona hapo ndipo historia yote hii inapokutana. "Dawa hakuna" ya miaka ile na "mtandao hakuna" ya leo ni sentensi moja iliyobadilisha nguo. Zote zinatamkwa dirishani, zote zinatamkwa na mhudumu asiye na kosa, na zote mwisho wake ni mtu kutoa hela mara ya pili. Anayedhani wananchi wanachukia teknolojia hajawasikiliza. Wakulima wa hapa wanatuma hela za alizeti kwa simu, wanapokea kwa simu, wanalipa ada za shule kwa simu. Hawaichukii simu. Wanachokichukia ni kuambiwa kwamba hakuna mtu wa kumuuliza.

Wapenzi wa lugha mtanisamehe nikichepuka kidogo. Neno bima halikuzaliwa kwetu. Lilikuja pwani na wafanyabiashara wa Kihindi, na kwa Kiajemi neno bim maana yake ni hofu. Nilipolijua hilo nilikaa kimya kidogo. Anayenunua bima anatua hofu yake kwa mtu mwingine: nibebee hii, mimi niende shambani. Daftari nalo ni neno lililosafiri kutoka mbali mpaka likatufikia kupitia Waarabu. Lakini mtandao ni letu wenyewe, limetoka kwenye kutanda, kama wingu lilivyotanda. Wingu halina mkono wa kupokea mzigo. Bibi alikuwa sahihi hata kwa sarufi.

Nisieleweke vibaya. Sitaki turudi kwenye daftari peke yake. Nimefanya kazi ile, najua faida zake. CHF iliyoboreshwa, ambayo ilijaribiwa kwanza Dodoma kisha kuanzia 2018 ikaenezwa nchi nzima, ilimwezesha mwanachama kuanza zahanati na kwa rufaa kufika mpaka hospitali ya mkoa. Bila kumbukumbu za kompyuta hilo lisingewezekana, maana karani wa mjini hana daftari la Kinyangiri. Picha kwenye simu ilizuia kadi moja kutibu ukoo mzima. Na anayetaka kujua fedha zimekwenda wapi, mfumo mzuri unamsaidia kuliko daftari linaloweza kuchanwa ukurasa. Mashine ni mtumishi mzuri. Tatizo ni siku inapokosekana kazini na hakuna aliyeachiwa zamu.

Nayasema haya kwa sababu zamu yetu imefika. Muswada wa bima ya afya kwa wote ulipoletwa bungeni mwaka 2022 uliondolewa kwanza, watu wakiuliza fedha zitatoka wapi, wengine wakihofia kunyimwa huduma kama leseni ya udereva kwa kukosa bima. Ukarudi, ukapitishwa Novemba 2023, na sasa ni sheria. Naiunga mkono. Nimeona watu wakiuza ng'ombe wa kulimia kwa ajili ya upasuaji mmoja; sitaki kuona tena. Lakini katika mijadala yote niliyoifuatilia, tunauliza sana itagharimu kiasi gani na ni nani atalazimishwa. Swali la bibi nalisikia mara chache: siku mashine ikisema sipo, na mimi nipo, nani ananipokea?

Jibu lake si gumu wala halihitaji mabilioni. Mfuko wa zamani usifungwe usiku uleule mpya unapofunguliwa. Ipite miezi ambayo kadi zote mbili zinakubalika. Kila dirisha liwe na daftari la dharura: mtu akija na kadi na mtandao haupo, aandikwe, atibiwe, hesabu zifuate kesho, na hasara ikitokea aibebe mfuko, asiibebe mgonjwa. Na mwandikishaji asiruhusiwe kupokea hela ya mtu kabla jina halijafika. Hili la mwisho ninalisema nikiwa nimejinyooshea kidole.

Wengine watasema hilo litafungua mlango kwa wadanganyifu. Litafungua kidogo, kweli. Lakini udanganyifu mkubwa wa bima hauanzi kwa mgonjwa anayetetemeka dirishani; unaanza kwa wanaoandika madai ya wagonjwa ambao hawakuwahi kulazwa, na hao hawasumbuliwi na mtandao hata kidogo. Kukosea kwa kumtibu mtu ambaye hakulipa kunagharimu hela. Kukosea kwa kumrudisha aliyelipa kunagharimu imani, na imani ya watu wa kijiji hairudi kwa tangazo la redio. Igunga na Singida tulijifunza hivyo kwa miaka ishirini na zaidi.

Mimi ile hela ya dawa nilimrudishia bibi kwa awamu tatu. Alipokea, hakunishukuru wala hakunilaumu. Mwaka uliofuata nilijua hatajiunga tena, na nilipita mbele ya nyumba yake bila kubisha. Akaniita mwenyewe.

"Hupigi picha mwaka huu?"

Nikampiga. Akatoa zile 30,000, ila hakunikabidhi. Akazifunga kwenye pindo la khanga, akachukua fimbo yake, akasema twende. Tukapanda wote mpaka jabalini, taratibu, tukipumzika mara mbili njiani. Nikatuma. Tukakaa juu ya jiwe tukisubiri, yeye akiitazama simu kama mtu anayetazama sufuria ya uji. Ilipoandika kwamba imepokelewa nikamsomea.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Ndipo akafungua pindo.

Tangu hapo kila mwaka tulipanda hivyo, mpaka magoti yakamkatalia. Sasa nikimtembelea ananiuliza tu, "Umepanda?" Namwambia nimepanda, bibi. Na kweli nakuwa nimepanda.